Kiungo Kilichoteguka: Uhakiki wa Anwani za Kumbukumbu za Kiswahili cha Lubumbashi katika Seva za Vyuo

1. Utangulizi

Mwaka 2008 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi kati ya 1972 na 1974, alitoa kitabu kiitwacho Ethnography as Commentary: Writing from the Virtual Archive. Kitabu hicho kinayarudia mazungumzo yaliyorekodiwa Lubumbashi mwaka 1974 baina yake na mganga Kahenga Mukonkwa Michel, juu ya tambiko ambalo mganga huyo alilifanya ili kuikinga nyumba ya Fabian na wezi. Maandishi ya mazungumzo hayo, pamoja na tafsiri yake, hayakuachwa sandukuni mwa mtafiti. Yaliwekwa katika tovuti ya Language and Popular Culture in Africa, iliyopata makao katika seva ya Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Hoja ya kitabu ni nzito. Zamani mtafiti alikuwa akisema kwa niaba ya watu aliowasikiliza, na msomaji hakuwa na njia ya kuyafikia maneno yao. Sasa maneno yenyewe yanaweza kuwekwa mahali ambapo mtafiti, msomaji na hata watu waliohojiwa wataweza kuyafikia wakati wowote. Kwa hiyo kazi ya mtafiti inakuwa kufafanua maandishi yaliyo mbele ya macho ya wote.

Hoja hiyo inasimama juu ya sharti moja: kiungo kifunguke. Makala haya yana shabaha ya kulichunguza sharti hilo. Yataeleza namna viungo vinavyoharibika katika seva za vyuo, namna ya kuutambua ubovu wake, na kwa nini kazi hiyo, inayodhaniwa kuwa ya mafundi wa kompyuta peke yao, ni sehemu ya uhakiki wa matini za Kiswahili.

2. Kilicho hatarini

Ni vema kwanza kukumbuka ni maandishi gani yanayozungumziwa. Katika mfululizo uitwao Archives of Popular Swahili, tovuti hiyo iliweka matini ndefu za Kiswahili kinachosemwa Katanga, ambacho katika maandishi ya wakati wa Zaire kiliitwa Kiswahili cha Shaba. Mojawapo ni historia ya mji wa Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Ni historia ya mji iliyoandikwa na waliopika na kufua katika nyumba za wakoloni, nao waliiandika kwa lugha yao ya kila siku.

Matini ya Yav ilichapwa pasipo kufuata kanuni moja ya tahajia. Mipaka ya maneno haikuwa thabiti: neno moja liligawanyika mara mbili, na maneno mawili yaliunganishwa kuwa moja. Fabian alipoitayarisha katika kitabu cha 1990, History from Below, alimtegemea Kalundi Mango, ambaye aliisoma matini kwa sauti ili maana iliyofichwa na maandishi irudi kupitia masikio. Walter Schicho aliongeza maelezo ya kiisimu. Kazi hiyo inatoa funzo ambalo litarudi katika makala haya: nafasi moja iliyowekwa pasipostahili huweza kuificha maana, na anayeweza kuirudisha ni yule anayeijua lugha.

Lugha hii haina vitabu vingi. Kiswahili Sanifu kina kamusi, sarufi na maktaba. Kiswahili cha Lubumbashi kimeishi zaidi mdomoni. Matini yake moja ikipotea, hakuna nyingine kumi za kuifidia.

3. Anwani ikisomwa kama matini

Katika vitabu na makala zilizoitaja tovuti hiyo tangu mwisho wa miaka ya 1990, anwani yake si moja. Kuna zinazoandika www.pscw.uva.nl/lpca, kuna zinazoandika www2.fmg.uva.nl/lpca, na kuna zinazoandika lpca.socsci.uva.nl. Mhakiki akizisoma anwani hizo kama anavyosoma nakala tofauti za utenzi mmoja, ataona mara moja kilichobaki na kilichobadilika. Herufi “uva.nl” ni za chuo, nazo hazikubadilika. Herufi “lpca” ni za tovuti, nazo pia hazikubadilika. Kilichobadilika ni sehemu ya kati: “pscw” ni kifupi cha Kiholanzi cha sayansi za siasa, jamii na utamaduni, “fmg” ni kifupi cha Kitivo cha Sayansi za Jamii na Tabia, “socsci” ni kifupi cha Kiingereza cha sayansi za jamii.

Maneno ya Yav hayakuguswa. Kilichohama ni jina la ofisi. Lakini msomaji aliyeandika anwani ya kwanza katika tasnifu yake alikuwa, pasipo kujua, ameifunga historia ya watumishi wa Elisabethville kwenye mpangilio wa vitivo vya Amsterdam.

Wasomi wa Lubumbashi hawana sababu ya kushangaa. Chuo chao kilianzishwa mwaka 1955 kama chuo rasmi cha Kongo, mwaka 1971 kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Zaire, na mwaka 1981 kikawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mji nao uliacha kuitwa Elisabethville mwaka 1966. Majina ya taasisi hayadumu. Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa mtandao wa tovuti, alitoa shauri mwaka 1998 kwamba anwani njema ni ile isiyobadilika, akaonya dhidi ya kutia ndani yake mambo yatakayobadilika baadaye, kama jina la mwandishi, hali ya waraka au aina ya faili. Jina la kitivo linastahili kuongezwa katika orodha hiyo.

4. Kuteguka na kukatika

Lugha ya Kiswahili imelipa jambo hili jina lenye mafunzo. Kiungo, kabla ya kuwa cha tovuti, ni cha mwili: kiwiko, goti, kifundo cha mguu. Kiungo cha mwili kina maradhi mawili yasiyofanana. Kikikatika, sehemu imekwenda. Kikiteguka, mkono bado upo, bali hauitikii. Kosa kubwa la wasomaji wengi ni kudhani kwamba kila kiungo kisichofunguka kimekatika, kumbe mara nyingi kimeteguka tu: faili ipo katika diski ya seva, lakini njia ya kuifikia imepotoka. Uchunguzi hauna budi kuanza na swali hilo.

Hatua ya kwanza ni kulisoma jibu la seva badala ya kulifunga kwa hasira. Ikiwa hata jina la seva halikupatikana, mashine imehama au jina lake limefutwa. Jibu la 404 maana yake ni kwamba seva imefikiwa, lakini haikuona kitu chenye jina lililoombwa. Jibu la 403 maana yake ni kwamba seva imelifahamu ombi na imelikataa. Jibu la 410 hutolewa pale kitu kilipoondolewa kwa makusudi. Ziko pia seva ambazo humrudisha msomaji kwenye ukurasa wa mwanzo wa chuo pasipo neno lolote. Hilo ndilo jibu baya kupita yote, kwa kuwa humwacha akidhani waraka haukuwako kamwe.

Hatua ya pili ni kuipunguza anwani kutoka kulia kwenda kushoto. Jina la faili likiondolewa, je, folda inafunguka? Folda ikiondolewa, je, tovuti inafunguka? Mahali panapoanza kufunguka ndipo penye mpaka kati ya sehemu nzima na sehemu mbovu. Lakini tahadhari inahitajika: folda isiyo na ukurasa wake wa mwanzo, ambao kwa kawaida huitwa index.html, huweza kujibu 403 ingawa faili zilizomo zinasomeka vizuri.

Hatua ya tatu ni kulinganisha herufi moja moja, na hapa mwanafilolojia yuko nyumbani kwake. Kompyuta yenye mfumo wa Windows kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Seva nyingi, zinazotumia Unix au Linux, hutofautisha. Mhariri akiita faili Kahenga.HTM na kuandika kiungo chake kahenga.htm, nyumbani kwake kitafunguka, na katika seva kitajibu 404. Nafasi kati ya maneno huleta taabu ya namna hiyo hiyo. Alama za Kifaransa ni mtego mwingine. Herufi “é” katika jina kama Mémoire.html huweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama “e” ikifuatwa na alama yake peke yake. Kwa macho ni neno moja. Kwa seva ni majina mawili. Anayefikiri kwamba jambo hili ni dogo na akumbuke mipaka ya maneno katika matini ya Yav.

Hatua ya nne ni kujaribu kutoka nje. Vyuo vingi huruhusu kurasa fulani kusomwa ndani ya mtandao wao tu. Mhariri aliye ofisini huona kila kitu kiko sawa, na msomaji aliye mbali hujibiwa kwa kukataliwa. Ruhusa za faili nazo hudanganya vivyo hivyo. Katika Unix na Linux kila faili ina ruhusa za mwenyewe, za kundi lake na za watu wengine. Faili inayosomeka na mwenyewe tu, mhariri ataiona akiingia kwa nywila yake, na ulimwengu mzima utajibiwa 403. Simu iliyotengwa na mtandao wa chuo yatosha kuufichua udanganyifu huo.

Hatua ya tano ni kukifungua kiungo chenyewe na kusoma kilichoandikwa ndani yake. Hapo hupatikana makosa ya aina mbili. La kwanza ni kiungo kinachoanza na file:///C:/, yaani kinachoelekeza kwenye diski ya kompyuta ya mhariri; hakuna msomaji mwingine duniani atakayekifungua. La pili ni kurasa za tovuti moja kuitana kwa anwani kamili, pamoja na jina la seva. Siku seva inapobadilishwa jina, ukurasa wa yaliyomo unahamishwa ukiwa mzima, lakini kila mstari wake bado unamtuma msomaji kwenye nyumba ya zamani.

5. Mhariri asiye na ufunguo

Lau mhariri angekuwa na mamlaka yote juu ya seva, mengi ya maradhi hayo yangetibika kwa saa chache. Agizo la 301, ambalo huiambia dunia kwamba waraka umehama moja kwa moja, linatosha kumpeleka kila msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya. Lakini seva ya chuo kwa kawaida ina mipaka. Mhariri hupewa folda moja ya kuweka faili zake. Hawezi kugusa mipangilio ya seva, hawezi kuendesha programu humo, wala haoni orodha ya maombi yaliyoshindikana. Mipaka hiyo ina sababu: seva moja huhudumia watu wengi, na mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mmoja huweza kumwingiza mwizi kwa wote.

Hata hivyo, ndani ya folda hiyo moja yako mambo ya kufanya. Kurasa za ndani na ziitane kwa njia ya kutoka ukurasa hadi ukurasa, bila jina la seva, ili folda nzima iweze kuhama kama kaya inavyohama, bila ndugu kupoteana. Majina ya faili yawe ya herufi ndogo, bila nafasi, bila alama za Kifaransa. Kila folda iwe na index.html. Panapohamwa, na pabaki ukurasa mdogo wenye anwani mpya. Ukurasa huo huweza kubeba agizo la kumhamisha msomaji bila kuhitaji ruhusa ya msimamizi. Na inapobidi kumwandikia msimamizi, barua itaje anwani kamili, saa, neno la jibu, na mahali mjaribu alipokuwa. Barua isemayo “tovuti haifanyi kazi” haimpi fundi pa kuanzia.

Nje ya folda hiyo ziko tiba nyingine. Vitambulisho vya kudumu kama DOI hutenganisha jina la waraka na mahali unapokaa. Hazina ya Zenodo, iliyoanzishwa CERN mwaka 2013, huvitoa bila malipo. Lakini kitambulisho hakijitibu: lazima awepo mtu wa kuandika mahali papya kila waraka unapohama. Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa, na tangu 2001 umma unaweza kuzisoma. Hata ghala hilo lilishambuliwa Oktoba 2024 likafungwa kwa siku kadhaa, na halikuumbwa kunakili kilichofichwa nyuma ya nywila.

Ubovu huu haukuanzia katika masomo ya Kiafrika, wala hauishii humo. Zittrain, Albert na Lessig walionyesha mwaka 2014 kwamba nusu ya viungo katika maamuzi ya Mahakama Kuu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye kile kilichotajwa. Mwaka 2024 Pew Research Center ilieleza kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwako mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Tofauti ni kwamba mahakama tajiri ina makarani wa kutengeneza viungo vyake.

6. Lugha na ufunguo

Hapa ndipo hoja ya Fabian inapohitaji nyongeza. Ni kweli kwamba maandishi yaliyowekwa tovutini yanampa mtu wa Lubumbashi nafasi ya kuyasoma maneno ya wazee wake na hata kumpinga mtaalamu aliyeyafafanua. Lakini kuweko kwa maandishi si tendo linalofanyika mara moja likaisha. Ni kazi ya kila mwaka, na kazi hiyo ina pande mbili ambazo kwa kawaida hazikutani. Msimamizi wa seva ana ufunguo, ila hasomi Kiswahili. Akiona faili mbili zenye majina yanayofanana, hawezi kujua kwamba moja ni matini na nyingine ni tafsiri yake, au kwamba sehemu ya tatu ya mazungumzo imebaki nyuma wakati wa kuhama. Msomaji wa Lubumbashi anaijua lugha, ila hana ufunguo. Anaona pengo, anaweza kusema ni maneno gani yanayokosekana, lakini hawezi kusogeza hata herufi moja.

Tovuti ya Amsterdam ilibahatika kwa kuwa pande hizo mbili zilikutana katika watu wale wale. Fabian anakijua Kiswahili cha Katanga, na mwenzake Vincent de Rooij alikifanyia utafiti wa shahada ya udaktari mwaka 1996. Lakini wahariri hustaafu, na seva huendelea kubadilishwa baada yao. Mpango unaotegemea watu wawili haujawa mpango wa taasisi.

Yapo mashaka mawili ambayo si haki kuyapuuza. La kwanza ni kwamba vitabu navyo hupotea, huibwa na kuliwa na mchwa, na kwamba kabla ya tovuti hiyo matini nyingi kati ya hizi hazikusomeka Lubumbashi kwa njia yoyote. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ya kuilinda tovuti. La pili ni kwamba nakala ikiletwa Lubumbashi, itakutana na umeme unaokatika na mtandao wa gharama. Tena haki za waliosema na za warithi wao haziruhusu kunakili ovyo. Hilo nalo ni kweli. Ila umeme ukikatika, nakala inabaki diskini ikingoja urudi. Yaani kiungo kimeteguka, hakijakatika. Na idhini ya warithi huombwa kwa urahisi zaidi na mtu anayeweza kupiga hodi mlangoni kwao.

7. Hitimisho

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anwani za matini za Kiswahili cha Lubumbashi ni mali isiyo na daftari. Idara za Kiswahili nchini Kongo zina uwezo wa kulifungua daftari hilo bila kungoja fedha wala ruhusa ya mtu: kuorodhesha kila matini inayojulikana, anwani zake zote za zamani na mpya, tarehe iliyosomwa mara ya mwisho, na jibu lililopatikana. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akipewa sehemu ya orodha hiyo kila mwaka aihakiki kwa hatua tano zilizoelezwa hapo juu, atakuwa amejifunza filolojia na ufundi kwa pamoja. Na kila anayetaja matini katika tasnifu asiandike anwani peke yake, bali ataje pia msemaji, mwaka, mahali, jina la mfululizo na namba yake, ili anwani ikifa, waraka uweze kutafutwa kwa jina lake.

Daftari hilo halitampa mtu wa Lubumbashi ufunguo wa seva ya mbali. Litampa haki ya kumwandikia mwenye ufunguo barua isiyoweza kutupwa, yenye kusema ni kitu gani hasa kilichokuwa pale, ni neno la nani, na ni wapi kiungo kilipoteguka.